Sauti ya Kwanza Kuachwa

Mashine iliniacha mimi kwanza. Iliniacha kabla ya wifi yangu, ambaye huja kumwona mgonjwa kwa msimu kama mvua, na kabla ya sauti za watu wa kuokoteza ambao mume wangu hajapata kuwaona maishani mwake. Mimi niliyemlisha kwa kijiko, nikamwogesha na kumgeuza ubavu kwa miaka miwili, ndiye niliyetupwa nje mapema kama mabaki ya kitambaa. Nami nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti cha plastiki, natazama.

Nitaeleza. Kueleza ndiyo kazi ninayoiweza baada ya kushona.

Mume wangu alikuwa mpimaji ardhi, mtu wa kutazama mbali na kusema machache. Nadhani Mungu alipogawa maneno, fungu lake alinipa mimi nimshikie. Aliniita Redio. "Redio yangu haina kitufe cha kuzimia," aliwaambia rafiki zake, na wao wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Jioni nikitoka kwenye kibanda changu cha ushonaji namwaga yote mezani: nani kaleta kitambaa cha dada yake akidai ni chake, nani kanenepa na hataki kupimwa upya. Yeye anakula, ananisikiliza. Nikikatiza kunywa maji, anagonga meza kwa kidole cha shahada, mara moja tu. Maana yake, endelea. Wanawake wengine wameandikiwa mashairi. Mimi niligongewa meza, na nilishiba.

Jioni aliyoanguka nilikuwa katikati ya kisa. Mteja mmoja, mwalimu, alikuwa ameleta kitambaa cheusi nimshonee nguo ya msiba. Nikampima, nikampa pole, nikamuuliza, "Marehemu ni nani wako?" Hapo nikanyamaza kwa makusudi na kunyanyua glasi, maana patamu palikuwa panakuja. Nikasubiri kidole. Kidole hakikugonga. Nilipoinua macho, uso wake ulikuwa umeshuka upande mmoja na kijiko kiko mapajani.

Kwa muda mrefu kile kisa sikukimalizia, kwake wala kwa mtu mwingine yeyote.

Kiharusi kilichukua ulimi, miguu na karibu kila kitu. Macho yalibaki wazi, yakitazama dari. Aliweza kumeza, basi. Wiki za kwanza hospitalini kile kidole chake kilicheza kidogo juu ya shuka, nikamkimbilia daktari wa zamu kama mwehu. Daktari akaja, akakitazama, akaniambia kwa upole kwamba ni misuli inajichezea yenyewe na nisijipe matumaini. Nikaacha kukitazama.

Lakini kusema sikuacha. Nyumbani nilimsemesha asubuhi nikimvua nguo, mchana nikimlisha, jioni nikimpaka mafuta mgongoni asipate vidonda. Jirani walisema debe tupu haliachi kuvuma. Wacha waseme. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu hapa duniani, kama ananisikia. Nisamehe, nilikuwa tayari kumtunza hata kama hasikii. Ila kuongea na ukuta miaka miwili bila kujua kama ni ukuta, hilo linamla mtu.

Ndipo akaja Bi Kwakweli.

Jina lake la kweli ni refu na lina vyeo mbele yake, lakini binti huyo hawezi kumaliza sentensi bila kusema "kwa kweli", kwa hiyo nikambatiza. Ni mtafiti wa ubongo, mwembamba, miwani inamteleza puani. Alikuwa akitafuta wagonjwa wasiosema, na kliniki ikamwelekeza kwetu. Akaniambia wana mashine inayosoma mawimbi ya ubongo papo hapo, mgonjwa akiwa amelala, na kuamua yenyewe hatua inayofuata.

"Zamani tulipanga kila kitu kabla," alisema, amekaa kwenye ukingo wa kitanda chetu. "Sauti hii mara hamsini, ile mara hamsini, halafu tunakwenda kuchambua wiki nzima. Mgonjwa anachoka bure. Hii, kwa kweli, inasikiliza huku inauliza. Inapiga sauti, inaona ubongo umejibu vipi, inachagua sauti ya kufuata. Isiyojibiwa inapewa nafasi chache chache mpaka inaachwa. Inayojibiwa inarudiwa, tupate uhakika."

Nilimwelewa haraka. Kuna fundi anayekata nguo yote kwa vipimo vya daftari, na kuna fundi anayemsimamisha mteja mbele yake, anabana pini, anatazama, anabana tena. Wa pili ndiye fundi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Zilitakiwa sauti nane, nne za ndugu na nne za watu baki, zote zikisema maneno yaleyale ili pasiwe na upendeleo: "Ni mimi, nimefika. Unaendeleaje leo?" Nikasema yangu. Binti yetu akasema yake. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyasema kama anasoma tangazo la msiba. Ya nne ikapungua. Binti yangu, bila kuniuliza, akamwandikia baba yake mdogo.

Huyo shemeji yangu alikuwa hajatia mguu kwetu miaka tisa. Alibomoa nyumba ya wazazi wao ajenge karakana ya kutengenezea mafriji, na hakumwambia kaka yake. Mume wangu alifika siku moja akakuta vifusi na mlango wa chumba cha mama yao umelazwa juu ya rundo la tofali. Hawakugombana hata kwa neno. Mume wangu aligeuza gari akarudi, na tangu siku hiyo jina la mdogo wake halikutajwa mezani kwetu. Hata mimi Redio sikuthubutu. Shemeji alituma sauti yake kwa simu siku hiyohiyo. Ni mimi, nimefika. Alikuwa hajafika popote.

Chumba cha kupimia kilikuwa nyuma ya jengo la hospitali, hakina dirisha, kuta zimebandikwa sponji. Feni ilizimwa kwa sababu umeme wake unachafua mawimbi. Walimlaza mume wangu kwenye kiti kirefu, wakamvisha kofia ya kitambaa iliyojaa vidude vya chuma vya kunasa mawimbi, na Bi Kwakweli akatia jeli chini ya kila kidude kwa bomba lisilo na ncha. Sisi tulikaa chumba cha pili, nyuma ya kioo. Hapo ndipo alipokosea binti wa watu. Angetupeleka kantini tukanywe chai. Yeye, kwa huruma yake, alitugeuzia skrini nasi tuone.

Kila sauti ilikuwa na mstari wake na rangi yake. Wangu ulikuwa wa kijani. Za watu baki zilianza vizuri, mistari ikaruka juu, halafu ikaanza kupoa mmoja mmoja. Wa binti yangu ulipanda kidogo na kushuka. Wangu haukuruka kabisa. Nilisikia sauti yangu kwenye spika, "Ni mimi, nimefika," na mstari ukalala. Ikapigwa tena, ukalala. Mashine ikanipa nafasi mbili tatu zaidi, kwa adabu, kisha sikujisikia tena.

"Mbona mama hapigwi tena?" binti yangu aliuliza.

Bi Kwakweli akasukuma miwani juu. "Kwa kweli mashine haipotezi muda kwa sauti isiyopata jibu."

"Yaani baba hamjibu mama."

"Sikusema hivyo."

"Skrini imesema," wifi yangu akadakia.

Mstari wa shemeji ulikuwa wa rangi ya machungwa. Kila ulipopigwa uliruka kama mtu aliyekalia sindano. Mwisho wa saa ile chumba kizima kilikuwa kinasikia sauti moja tu, ya mtu aliyevunja nyumba, ikirudia kwamba amefika.

Niliona haya. Watu hufikiri mtu akiumia husikia huzuni. Mimi niliona haya, kana kwamba nimevuliwa nguo mbele ya wifi yangu.

Shemeji alifika kweli wiki ileile, na begi la nguo. Alikuwa amezeeka, mabega yamemshuka. Wifi akaitisha kikao sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, akinywa chai yangu.

"Mtu asiyeweza kusema amesema kwa ubongo," alianza. "Na ubongo hausemi uongo. Mdomo ndio unaosema uongo, na wengine midomo yao haipumziki. Ndugu yetu kamtaja mdogo wake. Akae naye."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," nikasema. "Huyu alikuwa wapi nyoka alipoingia ndani?"

"Shemeji, sikuja kugombana," alisema yule bwana, na sauti ilikuwa ileile ya spika. "Miaka tisa nilijua kaka hataki hata kunisikia. Kumbe ananitafuta. Niachieni nimtunze hata mimi. Nina chumba, nina muda, sina mke wa kumsumbua."

Angekuwa na kiburi ningemfukuza. Alikuwa anamaanisha, na hilo lilinikera zaidi.

"Mimi ndiye mkewe," nikasema.

"Hakuna aliyekataa," wifi akajibu. "Ila wewe wifi yangu, unataka kumng'ang'ania mtu asiyekusikia ili iweje?"

Nikamtazama binti yangu anisaidie. Alikuwa anachezea kikombe. "Mama," alisema polepole, "na wewe umechoka." Wifi angenipiga kofi nisingeumia hivyo. Nikawaambia wanipe siku chache, nikaondoka nikawaacha na birika lao.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Kwakweli bila miadi.

"Nivishe mimi hiyo kofia."

"Mama, kwa kweli utafiti wetu ni wa wagonjwa."

"Nani kakwambia mimi mzima?"

Akafunga mlango. Nikampa simu yangu. Mle ndani kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mume wangu, wa siku chache kabla hajaanguka, na sikuwahi kuufungua tena kwa kuogopa. Nilimwambia auchanganye na sauti za wengine, binti yangu, wifi, hata yake mwenyewe. Akaniambia hilo si jaribio la halali, maneno hayafanani. Nikamwambia sihitaji halali, nahitaji jibu.

Jeli ilikuwa baridi. Nilikatazwa kusogea na kukatazwa kusema, nadhani unajua lipi lilikuwa gumu. Sauti zikaanza, huyu, yule, na katikati yao akatokea yeye: "Redio, nimesahau ufunguo. Nifungulie." Akapita. Wakaja wengine. Akarudi. Kisha akawa anarudi mapema zaidi, na wengine wanachelewa, na wengine hawaji kabisa, mpaka mwishoni mle ndani alikuwa yeye peke yake, mara baada ya mara, amesahau ufunguo, anaomba afunguliwe. Machozi yalichanganyika na jeli. Bi Kwakweli alikuja mbio kuizima.

"Ubongo wako umemkamata tangu mwanzo mpaka mwisho," alisema akinifuta uso kwa tishu. "Sijaona mstari kama ule."

"Kwa sababu sinaye," nikasema.

"Inawezekana. Kwa kweli hatujui vizuri. Lakini ubongo haushtuki kwa kitu ulichokizoea. Saa ya ukutani huisikii, mpaka isimame."

"Na mimi anaye. Kila siku anaye."

"Inawezekana ndiyo maana. Nilitaka kukueleza siku ile, lakini wifi yako alikuwa anaongea."

"Kwa hiyo mstari wangu umelala kwa sababu ananijua sana, au kwa sababu hanijui kabisa?"

Alivua miwani akaipangusa na pindo la koti. Niliuona ukweli hapo. Kwenye skrini ile, mke aliyezoeleka na kiti kisicho na maana wanalala mstari mmoja. Mashine haiwezi kuwatofautisha, na huyu binti na vyeo vyake naye hawezi.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye mashine ya Bi Kwakweli asiyekuwepo ndiye mwenye lake. Niliwaza hivyo njia nzima, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshakata shauri.

"Mchukueni," niliwaambia.

Wifi alinishukuru kwa busara. Busara gani? Ilikuwa hasira. Nilipiga hesabu yangu kama fundi: shemeji atamkalia kitandani, atamwongelesha asubuhi na jioni, atageuka saa ya ukutani. Na mimi nitakuwa ile saa iliyosimama. Bi Kwakweli alisema atampima tena baada ya nusu mwaka. Nami nitauona mstari wangu.

Nilifungasha mafuta, shuka na kijiko chake cha mpira. Nilimwonyesha shemeji namna ya kumgeuza. Sikuaga kwa sauti. Kunyamaza nilianza palepale.

Nusu mwaka sikwenda kumwona. Shemeji alipiga simu mara nyingi. "Nakuwekea sikioni mwake, shemeji, mwambie hata neno moja." Nikamjibu hapana, nina wateja. Watu wakasema yao, kwamba nimepumua, kwamba huenda nina mwingine. Binti yangu alikuja kibandani akasimama mlangoni na uso umevimba. "Mama, hata simu? Wewe?" Nikaendelea kukanyaga cherehani. Jioni nilikula nikiwa nimesimama jikoni, maana sikuweza kuikalia ile meza. Visa vya siku vilinijaa tumboni kama chakula kisichosagika. Kuna usiku niliviambia vyombo.

Siku ya kupima tulikaa tena nyuma ya kioo. Shemeji alikuwa amekonda. Mume wangu alikuwa safi, kucha zimekatwa, mgongo hauna kidonda hata kimoja. Nilimkagua makusudi nipate kosa, nikakosa.

Zikapigwa sauti zilezile, na mashine ikaanza kuchagua. Mstari wa machungwa ulilala. Ukapigwa tena, ukalala. Ukaachwa wa kwanza. Na wa kijani ukaruka, ukaruka tena, ukaendelea mpaka chumba kizima kikajaa sauti yangu, nimefika, nimefika, nimefika.

Nilifurahi. Sitaki kudanganya. Nilimgeukia wifi yangu nikamtazama mpaka akainamia mkoba wake. Kisha nikamwona shemeji. Alikuwa amekishika kioo kwa viganja vyote viwili.

"Kila siku nimemwomba radhi kwa ile nyumba," alisema. "Kila siku, shemeji. Nikimlisha namwomba, nikimwogesha namwomba. Nikadhani ananisikia. Kumbe nilikuwa naongea peke yangu."

Nilikuwa na maneno ya kumpoza. Nilikuwa nimepewa na Bi Kwakweli mwenyewe: hujatupwa, umezoeleka, huenda hata amekusamehe. Maneno ishirini hivi, kwangu mimi si kitu. Nikayameza. Kwenye kikao chao hakuna aliyenipoza mimi.

"Basi mchukue, ni wako," akasema, akatoka nje kwenda kusimama uani.

Tukamrudisha nyumbani. Bi Kwakweli akataka kipimo cha tatu baada ya miezi miwili, kuona kama mstari utadumu. Na hapo ndipo nilipoingia mtego wa akili yangu. Nikimsemesha kama zamani, nitazoeleka, na mstari utalala mbele ya wifi yangu. Nikinyamaza, utaruka. Kwa hiyo nilinyamaza.

Nilimlisha kimya. Nilimwogesha kimya, nikampaka mafuta kimya. Kwenye kibanda niliongea na wateja mpaka wakanikimbia, lakini nikifika kizingiti cha chumba kile nafunga mdomo. Binti yangu alishika paji langu la uso. "Mama, unaumwa?" Nikatikisa kichwa. Nyumba ikawa na watu wawili wasiosema, mmoja kwa kiharusi na mwingine kwa ukaidi.

Kitanda chake kina ubavu wa chuma. Jioni moja nilikuwa nakunja shuka, nikasikia *ngo*. Nikadhani ni bomba la maji. Kesho yake tena nikiwa naosha kijiko, *ngo*. Nikageuka. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala juu ya chuma. Niliikumbuka sauti ya yule daktari wa zamu, ni misuli, nisijipe matumaini. Nikatoka chumbani.

Siku zilizofuata kiligonga kila jioni, wakati uleule ambao zamani nilikuwa nafika kutoka kazini. Mara moja. Kinasubiri. Mara moja tena. Nami nilisimama na taulo mkononi, nimeuma mdomo, nikihesabu wiki zilizobaki mpaka kipimo. Nilikuwa nautunza mstari. Mume wangu anakigonga chuma kwa kidole, mimi nautunza mstari wa skrini.

Sijui kama ilikuwa misuli. Jioni moja kiligonga, kikasubiri, kikagonga tena kwa udhaifu kama kinachokata tamaa, na mimi nikashindwa. Nilivuta kiti nikakaa.

"Ulinitia aibu mbele ya dada yako," nikamwambia. Sauti ilitoka na kutu. "Miaka miwili nakusemesha, halafu unamrukia aliyevunja nyumba ya mama yako. Mimi nikalala chini kama uzi. Na nimekulipa. Nusu mwaka sikukuletea hata salamu, kwa makusudi. Na ndugu yako nimemwacha aende na donda lake, na dawa ninayo mdomoni. Haya, umesikia? Na kama hukusikia, basi hukusikia."

Kidole kilikuwa kimetulia.

Nikanywa maji. "Yule mwalimu wa kitambaa cheusi," nikasema. "Nilimuuliza, marehemu ni nani wako? Akaniambia, yule pale nje kwenye benchi, ameshika mkoba wangu. Nikachungulia. Mwanamume mzima kabisa, amekaa, anafukuza nzi. Nikamwambia, dada, yule mbona anapumua? Akasema, ni mume wangu, ameambiwa na madaktari hafiki mwisho wa mwaka, na amesema lazima aione hiyo nguo nikiwa nimeivaa, maana kitambaa kachagua yeye."

Nikanyamaza hapo, kama zamani, glasi mkononi. Nilisubiri. Chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia cherehani la jirani.

*Ngo.*

Najua Bi Kwakweli atasema nini. Najua hata daktari wa zamu atasema nini. Mwezi ujao watamvisha ile kofia, nami nitakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya wifi yangu, na mstari wa kijani utalala kabla ya yote, maana sasa namsemesha asubuhi, mchana na jioni na sina nia ya kuacha. Wifi ataitisha kikao. Shemeji atakuja na begi lake, na safari hii inabidi nimwambie yale maneno ishirini kabla hajaketi.

Lakini hayo ni ya mwezi ujao. Nikaweka glasi chini nikamwambia habari ya mikono ya ile nguo, kwa sababu yule bwana wa kwenye benchi aliitaka mirefu na mkewe aliitaka mifupi, na walibishana mbele yangu mpaka nikafunga kibanda.